Saa Mia Tatu na Ishirini

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya mji wa Migori bila nguvu ya kutuliza vumbi, fundi Osoro alifungua boneti ya pikapu yangu kabla sijamruhusu.

Sikuwa nimemwendea kwa ajili ya boneti. Msumari ulikuwa umeingia kwenye gurudumu la nyuma, na baada ya kushusha sokoni magunia ya omena, dagaa wa ziwani tuliowatoa kwetu Sindo, mimi na dereva wangu Zablon tulipitia gereji yake ili auondoe. Aliuondoa vizuri. Kisha, akiwa bado anajifuta mikono, akazunguka mbele ya gari na kuinua kile kifuniko kama mtu anayefunua sufuria nyumbani kwake.

"Nani amekuomba ufungue hapo?" nilimwuliza.

"Hakuna, mzee. Mkono umezoea tu."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Tone lililobaki kwenye ncha alilisugua kati ya vidole viwili, akalinusa.

"Hii gari iko na miezi mingapi?"

"Mitano na siku mbili."

"Na kilomita?"

"Elfu sita na mia mbili."

"Basi kuna kitu mnanificha, wewe na gari yako. Hii oili imezeeka kuliko mimi. Ni nyeusi, halafu nyepesi kama chai ya stendi. Imwagwe leo."

Nilikuwa na kitabu cha gari mkononi. Nilikisoma chote wiki ile ile niliyolinunua gari, kama tulivyofundishwa shuleni kusoma kitabu: kuanzia jalada, penseli mkononi. Nikamfungulia ukurasa wenyewe.

"Kilomita elfu kumi au miezi sita, lolote litakalotangulia," nilisema. "Halijatangulia lolote."

"Mzee, hicho kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajafika Sindo."

Mafundi wake wawili, waliokuwa wamelala chini ya lori, wakacheka. Mimi sikucheka.

"Kijiti hicho kina alama mbili. Oili iko juu ya ile ya chini, au haiko?"

"Iko juu. Kwa upana wa ukucha."

"Basi imo ndani ya kipimo. Bwana Osoro, nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na moja. Nimewapeleka kortini wafanyabiashara waliopunja wateja kilo. Wewe hupunji, unaongeza kazi. Lakini mkono ni ule ule."

Kicheko chini ya lori kilikatika. Osoro alikirudisha kijiti mahali pake, akaishusha boneti taratibu.

"Gari ni yako, mzee. Swali moja tu. Hii injini huwa inanguruma gari ikiwa imesimama?"

"Hilo halihusu msumari," nikamjibu. Nikamlipa kazi ya msumari, tukaondoka.

Lakini swali lilikuwa limenigusa, na sina budi kueleza kwa nini.

Mwezi wa Machi, miaka miwili iliyopita, ndugu yangu Elkana alizama ziwani mbele ya Sindo. Phelesia, mjane mwenye mashua nne za kuvulia omena, alizitoa mashua zake zote kwenye uvuvi kwa siku tatu, usiku na mchana, tena katika kile kiza kisicho na mbalamwezi ambacho wavuvi hukingoja mwezi mzima. Siku ya nne asubuhi wakamleta Elkana nchi kavu akiwa amefungwa ndani ya turubai jipya. Tulimzika nyumbani, kando ya baba, kama inavyopasa. Baada ya matanga nilimpelekea Phelesia bahasha. Aliirudisha bila kuifungua.

Mimi si mtu wa kukaa na deni. Nilipostaafu nikarudi Sindo, na tarehe 12 Mei nikatumia kiinua mgongo changu karibu chote kununua pikapu hii mpya, ili nisafirishe omena hadi Migori mara moja kwa juma. Mwezi huo huo transfoma ya ufuoni ikaungua, na wavuvi wakakosa mahali pa kuchajia betri za taa zao. Omena huvuliwa kwa taa, na taa haiwavuti penye mbalamwezi. Betri isipokuwa na chaji, mashua haina kazi. Nikamwambia Phelesia alete betri. Kuanzia hapo, kila siku ambayo mashua zilikwenda majini, isipokuwa Jumanne ya safari, ambapo walitumia chaji iliyobaki ya Jumatatu, Zablon aliegesha pikapu kando ya vibanda saa nane mchana, akaacha injini ikinguruma hadi saa kumi na mbili, na betri zikapokezana kwenye nyaya.

Kila siku niliandika katika daftari saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Ni mazoea ya tangu shuleni: bweni zima na madarasa yote yaliamka, yakala na kulala kwa mkono wangu, maana ndimi niliyekuwa mpiga kengele kwa miaka miwili, na kengele ile haikuchelewa hata dakika moja. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo niliandika jina moja tu: Elkana. Hilo ndilo deni nililokuwa nikilipunguza.

Kuhusu injini yenyewe sikuwa na wasiwasi. Namba ya kilomita kwenye dashibodi ilikuwa haisogei mchana kutwa. Gari lililosimama, nilijiambia, halichakai.

Tulipoondoka Migori tulikuwa tumepakia unga wa mahindi na marobota mawili ya nyavu mpya za Phelesia. Mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza. Jioni hiyo, baada ya majuma mawili ya mbalamwezi, mashua zingerudi majini, na kwa mara ya kwanza siku ya kuanza upya kuchaji ilikuwa imeangukia Jumanne. Nilikuwa nimemwahidi Phelesia kwamba tungewahi.

"Mzee," Zablon alisema tulipopita Rongo, "mimi huyo Osoro nimemjua miaka kumi. Hajawahi kuniuzia hewa."

"Nimekusikia."

"Nasema tu. Mimi ni dereva, si mganga."

"Basi endesha."

Kwenye mwinuko mfupi kabla ya Rodi Kopany, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, ile ya oili yenye umbo la birika. Ikazimika. Ikawaka tena.

"Zima," nikasema.

"Mzee, Rodi ndiyo ile. Tukienda polepole tu..."

"Zima sasa."

Akazima. Gari likaserereka hadi ukingoni mwa barabara na kusimama mbele ya duka la vyuma. Tulingoja injini ipoe kwa dakika ishirini kwa saa yangu, kisha nikachomoa kijiti mwenyewe. Ule upana wa ukucha haukuwapo tena. Oili ilikuwa chini ya alama, na iliyobaki ilitiririka kwenye kidole changu kama maji ya kuoshea jivu.

Zablon alikwenda dukani akarudi na chupa mbili za soda zilizojaa oili, yaani ile wanayopimiwa waendesha bodaboda.

"Tuongeze hii, tusonge. Ni oili tu."

"Ya namba gani?"

"Ya chupa, mzee."

"Chupa haina lebo, haina kipimo, haina aliyeitengeneza. Rudisha."

"Watu wa Rodi wote wanaendesha na hii."

"Na wote ni mashahidi wangu kwamba sikuitia. Rudisha, Zablon."

Alirudisha, akinung'unika kwa Kijaluo maneno ambayo nilichagua kutoyasikia.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano simu ilipolia. Alikuwa Phelesia. Ufuoni wananiita Jamizani, mtu wa mizani, na yeye ndiye aliyelianzisha jina hilo.

"Jamizani, mko wapi? Vijana wamepanga nyavu, betri ziko hapa kama watoto wa mtu mmoja, zimekaa tu."

"Tumekwama Rodi Kopany. Nipe hadi saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja ya kwako ama ya watu?"

"Ya kwangu."

"Haya. Nitawaambia hivyo."

Akakata simu. Nilibaki nikilitazama lile gari. Ndani ya injini ile ilikuwamo miaka thelathini na moja ya utumishi wangu, na ikifa singepata nyingine. Na ufuoni walikuwapo wanaume kumi na sita waliokuwa wakingoja kwa sababu mimi nilitaja saa.

Nikakifungua tena kitabu. Safari hii sikwenda kwenye ukurasa nilioupenda. Nilikwenda kwenye ule uliofuata, unaohusu magari yenye matumizi mazito, ambayo oili yake humwagwa kila kilomita elfu tano au mapema zaidi. Nilikuwa nimeupiga mstari kwa penseli mwezi wa Mei na kuandika pembeni: "Hautuhusu." Niliamini hivyo kwa sababu sikuwahi kupakia kupita kiasi, na nilisafiri mara moja tu kwa juma. Sasa nikausoma hadi chini. Vumbi. Mizigo. Safari fupi fupi. Na mstari wa mwisho: injini kuachwa ikinguruma kwa muda mrefu gari likiwa limesimama.

Nikampigia Osoro.

"Bwana Osoro, uliniuliza swali nikakataa kulijibu. Jibu ni ndiyo. Hunguruma ikiwa imesimama, saa nne kwa siku, tukichaji betri za wavuvi."

"Siku ngapi, mzee?"

"Subiri." Nilikuwa na daftari. Nilihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, kisha nikaihesabu tena kuanzia mwisho. "Themanini."

"Sisi mafundi saa moja ya kunguruma tunaihesabu kilomita arobaini. Sijui kitabu kinasema nini, lakini chuma kinasema hivyo."

Siku themanini kwa saa nne ni saa mia tatu na ishirini. Saa mia tatu na ishirini kwa arobaini ni kilomita elfu kumi na mbili na mia nane. Nikajumlisha elfu sita na mia mbili za barabarani. Elfu kumi na tisa. Nilikuwa nimevuka mpaka wa kitabu, hata ule wa magari mepesi, karibu mara mbili, na ushahidi wote niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku baada ya siku, kwa wino. Maisha yangu yote niliwakamata watu waliotumia kipimo kisicho sahihi. Mimi nilikuwa nimepima kwa kilomita kitu kilichotakiwa kupimwa kwa saa.

"Ni elfu kumi na tisa," nikamwambia. "Nilikosea. Na nilikutukana mbele ya watu wako. Naomba uje Rodi Kopany na oili ya namba iliyoandikwa kitabuni, na filta yake halisi, na risiti."

"Risiti pia?" Nilimsikia akicheka, si kwa ubaya. "Nakuja na boda. Usiiwashe, mzee, hata kusikiliza habari."

Alifika saa tisa kasoro dakika kumi, gunia likiwa mapajani mwake na manyunyu yakiwa yamemlowesha hadi mabegani. Alitandika kipande cha kadibodi, akajilaza chini ya injini, na oili ile ikaanza kushuka ndani ya beseni, nyeusi, bila uzito, bila kunata. Zablon aliitazama akatikisa kichwa.

"Hii hata kumpaka mbwa mwenye upele angeikataa," alisema.

Nilisimamia isimwagike mtaroni. Tukaitia yote kwenye jerikeni. Osoro akabadilisha filta, akafunga bolti, akamimina oili mpya lita kwa lita, mimi nikihesabu. Ziliingia saba. Kijiti kilipotoka, oili ilikuwa kwenye alama ya juu, rangi ya asali. Akaiwasha injini, akainamisha kichwa kando yake muda mrefu. Taa ya birika ilizimika, na haikuwaka tena.

"Umeizima mapema," alisema hatimaye. "Ungeiendesha hadi Homa Bay tungekuwa tunaongea Kiswahili kingine. Sasa sikia. Ukifikisha saa mia za kusimama, usingoje kilomita. Mwaga."

"Saa mia," nikaandika.

Nilimlipa palepale, akanipa risiti. Alipopanda boda yake akageuka. "Na deni la matusi, mzee?"

"Hilo nitalilipa Jumanne ijayo, mbele ya mafundi wako wawili."

"Mimi sijalidai."

"Hukuulizwa, bwana Osoro. Mkono umezoea tu."

Akacheka hadi boda ikayumba.

Tuliingia Sindo saa kumi na moja na dakika nne. Dakika hizo nne nazitaja kwa sababu zilikuwa zangu. Phelesia alikuwa amesimama kando ya kibanda chake, khanga kiunoni, betri nane zikiwa zimepangwa miguuni pake.

"Umechelewa, Jamizani," alisema. "Nitawaambia wajukuu zangu niliiona siku hii."

"Nimechelewa. Tutachaji hadi saa moja. Zitatosha mashua mbili. Nyingine mbili zitoke kesho. Na baada ya leo, utaratibu utabadilika. Njoo nikueleze."

Zablon alipokuwa akiunganisha nyaya, nilimweleza Phelesia yote: kijiti, taa, ukurasa niliouruka, elfu kumi na tisa. Sikupunguza wala sikujitetea. Nilimwambia kwamba sitaacha kuchaji hadi transfoma itengenezwe, ila injini itakuwa ikimwagwa oili kila baada ya saa mia, na gharama ni yangu, kwa kuwa deni ni langu.

"Deni gani?" aliuliza.

"Unalijua."

"Silijui. Litaje."

Nikamfungulia daftari kwenye ukurasa wa kwanza. Alilisoma lile jina. Alipoinua uso, hakuwa na mzaha tena.

"Kumbe hizi saa nne kila siku ulikuwa unamlipa Elkana."

"Mlipoteza siku tatu za kiza. Bahasha uliikataa."

"Niliikataa, na leo naikataa tena. Jamizani, mtu aliyezama hatafutwi kwa malipo. Ningeipokea bahasha yako, kesho akizama mtoto wa mama asiye na bahasha, ningemtafuta na nini? Vijana wangu wangeniangalia mfukoni kwanza." Akalisukuma daftari kwangu kwa vidole viwili. "Hilo deni sikulidai na silipokei. Halipo. Mimi nilidhani unatusaidia kwa moyo, kama watu."

Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amenisomea kosa langu kwa ufupi kiasi hicho.

"Lakini saa ni za kweli," aliendelea, akiitazama injini. "Hizo tumezila. Ni ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Na zimekula oili kiasi gani?"

"Lita saba."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akaenda kuwahimiza vijana wake.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, mashua zake mbili zikiwa zimerudi na omena ikianikwa mchangani, Phelesia aliingia uani kwangu. Nyuma yake walikuwapo manahodha wake wanne, na mmoja wao alibeba kopo la oili la lita tano, mwingine makopo mawili ya lita moja moja. Waliyapanga mbele ya mlango wangu.

Katika miaka yote ya ukaguzi sikupokea kwa mfanyabiashara hata kichwa cha samaki. Watu wa Migori hadi Homa Bay wanalijua hilo, na Phelesia analijua kuliko wote.

"Hii ni zawadi?" nilimwuliza.

"Zawadi ungeirudisha, nakujua. Ni deni. Manahodha wote wamechanga, kila mashua sehemu yake. Kagua."

Nikakagua. Mihuri haikuwa imevunjwa. Namba ilikuwa ile ya kitabuni. Zablon ndiye aliyewaandikia namba hiyo, nikamwona akijificha nyuma ya jiko. Tano, na moja, na moja. Saba kamili.

"Vipimo ni sahihi," nikasema.

"Sasa leta lile daftari. Kwanza futa hilo jina. Yule alikuwa ndugu yako. Si mzigo."

Nikaleta daftari na rula. Kwenye ukurasa wa kwanza nikapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la Elkana. Kisha nikafungua ukurasa wenye mstari wa themanini, maana saa za jana jioni, za oili mpya, nilizianzishia ukurasa wake, na chini ya mstari huo nikaandika: *Jumatano, 15 Oktoba 2025. Saa 320, lita 7. Limelipwa.* Nikatia sahihi. Phelesia akachukua kalamu, akatia yake. Nikayabeba makopo yote matatu mimi mwenyewe, nikayaingiza ndani.